Okidi ya Midomo Mitatu

Mwanahamisi alitangulia kuota meno ya juu. Hilo ndilo kosa lake lote hapa duniani, na huwa naona aibu hata kulisimulia, maana sisi ni watu wa misikiti na makanisa, na bado mtu mzima na ndevu zake anaogopa jino la mtoto mchanga.

Kigego, walisema, mtoto wa mkosi. Mama yake, mwenyeji wa Mnazi, akampeleka Mazinde akalelewe na mwanamke asiye na mtoto. Akakua, akaolewa huku Lushoto, akazaa binti, Saumu. Mtoto akafa kwa homa kabla hajatembea, na mama mkwe akatamka mbele ya waombolezaji: "Kigego kamla mwanawe." Talaka ikafuata. Ubaya ni kwamba Mwanahamisi mwenyewe aliyaamini maneno hayo.

Mimi nilimjua miaka ya tisini, serikali ilipokuwa inauza kila kitu na Bwana Timotheo akanunua bustani ya miche, akaanza kuotesha okidi za kupeleka hotelini Arusha. Tulimwagilia pamoja. Saa ya chai alikaa peke yake nyuma ya tangi la maji, na mtoto wa mtu akimkaribia, anahama. Sijaona upweke kama ule.

Mwaka mmoja okidi moja ikachanua vioja. Kwa kawaida ua lake lina petali mbili pembeni na ya tatu chini, pana, yenye umbo la mdomo, ambapo mdudu hutua. Hili lilikuwa na midomo mitatu. Timotheo akasema litupwe shimoni na mche wake, wateja wanataka maua yanayofanana. Mwanahamisi akaufunga mche kwenye kanga, akaenda nao kwake.

Baadaye akaja Eliza, binti mtafiti wa chuo kikuu, akiulizia maua yenye maumbile ya ajabu. Timotheo akajibu kwamba yeye hafugi takataka. Wakati wa kutoka kazini Mwanahamisi akamshika binti mkono, "Mwanangu, twende kwangu." Nikawafuata, kwa umbea tu.

Eliza alilitazama ua kwa furaha.

"Nani kaliharibu?" Mwanahamisi akauliza.

"Hakuna, mama. Kila kiumbe ana jeni, maagizo anayozaliwa nayo. Ndiyo yanayoamua petali ipi iwe mdomo. Hapa agizo la mdomo limefanya kazi hadi kwenye petali za pembeni. Hutokea tu."

"Linawadhuru wenzake?"

Eliza akacheka. "Litawadhuru vipi? Ni ua tu, mama."

"Hata likikaa karibu na mche mchanga? Huo mchanga haufi?"

"Ukifa, umekufa kwa ugonjwa wake."

Mwanahamisi akaketi kizingitini.

"Ugonjwa wake," akasema. "Ilikuwa homa."

Akaanza kulia, kwa sauti, akimwita Saumu. Eliza akanigeukia, hajui amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea, amwache mama alie. Miaka thelathini alikuwa hajamlilia mwanawe; aliniambia siku ile kwamba alidhani aliyeua hana haki ya kulia. Nilimsindikiza Eliza hadi barabarani, nikapita kwangu kuchukua mkeka, nikarudi tukakaa matanga.