Chipsi za Mama Lin wa Kibwezi

Niliondoka Matinyani kwa sababu ya maneno machache ya mume wangu. Nimeuza chipsi sokoni tangu mtoto wetu wa kwanza, Mwende, akiwa mgongoni, na Baba Mwende hajawahi kuacha hata kipande kwenye sahani. Jioni moja alirudi kutoka Kibwezi, alikopeleka ndengu kwa pikapu yake. Nikampakulia. Akala nusu, akapangusa midomo, akasema mbele ya wateja, "Ziko sawa. Lakini za yule Mchina wa Kibwezi, hizo ni chipsi zingine."

Kufikia Jumapili soko zima lilikuwa na habari. Fundi wa viatu aliniuliza ni lini nitaanza kupika "zile zingine". Mwalimu aliyenunua kwangu kila jioni alianza kupita akitazama upande wa pili, kana kwamba tumekosana. Karai langu la chipsi ndilo linalosomesha watoto wetu, kwa hivyo sikucheka.

"Safari ijayo ya Kibwezi," nilimwambia Baba Mwende, "mimi niko ndani ya hiyo gari."

Mama mkwe alisikia, sijui kutoka kwa nani. Akaja amevaa nguo za kanisa. "Mtahitaji mtu wa kuamua," alisema. "Mtu asiye na upande." Tangu niolewe sijaona jambo ambalo mama mkwe hana upande, lakini nani angemkatalia?

Alfajiri tukatoka. Nilibeba chipsi zangu kwenye hotpoti, kopo la mafuta yangu ya kuganda, viazi vibichi kidogo na kachumbari. Mama mkwe aliombea matairi, breki, Mchina, na mwisho tumbo lake, lipewe hekima ya kupambanua.

Mjini Kitui tulisimama kuweka mafuta. Mama mkwe akanusa upepo. "Hapa pia wanapika," alisema. "Lazima nionje, nijue chipsi za kawaida zinakaa aje." Zilikuwa chipsi za mjini: ndefu, nyembamba, na tomato nyingi ya kuficha makosa. Alimaliza sahani.

Tulipofika Mutomo akadai kuonja tena, kwa sababu, alisema, shahidi mmoja hatoshi. Hapo zilikuwa zimekaa ndani ya kabati la kioo tangu jana, mtu anatafuna kama anatafuna mkanda. Alimaliza hizo pia, akilalamika.

Huko Ikutha ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Mbuzi walijaa mpaka barabarani, na kibanda kilichokuwa kando ya mnada kilikaanga viazi kwenye karai lililokaangiwa nyama ya mbuzi. Zilikuwa tamu, lazima niseme ukweli. Mwenye kibanda aliniuliza tunaenda wapi. Nikamwambia.

"Kibwezi? Kula chipsi?" Aliita jirani yake aje atuone. "Hawa watu wametoka Matinyani wanaenda kula chipsi Kibwezi!"

Tulipoondoka hapo, mwamuzi wetu alikuwa ameshiba na amelala, mdomo wazi.

Kwenye daraja la Mto Athi, tukiingia Makueni, Baba Mwende alipunguza mwendo. "Mama Mwende," alisema polepole, "ukifika huko, tafadhali usigombane na mtu."

"Nigombane na nani? Naenda kula."

Nilimwona akimeza mate, na sikujua kama ni woga au ni hamu.

Kibwezi. Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba ya mabati yenye taa nyekundu za karatasi mlangoni. Mwenyewe, yule Mchina aliyesifiwa, ni mama mfupi anayeitwa Mama Lin. Alikuja na mumewe wakati wa kujenga barabara. Barabara ikaisha, wao wakabaki. Alimtazama mama mkwe akishuka kwa shida, akamwambia kwa Kikamba, "Wi museo, mwaitu?" yaani, u mzima, mama?

Mama mkwe akaamka kabisa. "Ni museo!" Akamshika mikono yote miwili. Mwamuzi asiye na upande aliuacha upande wangu hapo hapo mlangoni.

Chipsi zikaletwa. Nilichukua kipande kimoja nikatafuna nikitafuta kosa. Nikachukua cha pili. Kwa nje zilikuwa kavu, zikilia kwaru, kwaru menoni. Ndani zilikuwa laini, na zilikuwa na harufu ya kitunguu saumu na tangawizi, na ya kuku, ilhali kuku mwenyewe hayupo. Mume wangu hakuwa amedanganya.

"Na mimi nimekuja na zangu," nilisema, nikafungua hotpoti.

Afadhali ningeiacha imefungwa. Mvuke ulikuwa umezilowesha njia nzima, zikashikana zikawa donge moja. Baba Mwende alitazama dari. Mama Lin aliinama, akatazama vizuri, akauliza kwa upole, "Hii inaumwa?"

"Zimechoka na safari," nilisema. Machozi yalikuwa karibu.

Alinishika mkono. "Kuja jikoni. Pika nyingine."

Jikoni kwake nilikuta karai, karai kama langu, ila limezama zaidi. Siri yake hakuificha. Mafuta yale yale hukaanga kuku asubuhi, pamoja na saumu na tangawizi, halafu viazi huingia mara mbili: mara ya kwanza viive, mara ya pili viwe vikavu. Mimi nikayeyusha mafuta yangu ya kuganda, nikakata viazi vinene, nikavikaanga mara moja tu, taratibu, nikafunika. Nikamwagia kachumbari na pilipili.

"Huko kwenu mnakula chipsi?" nilimuuliza tukisubiri.

Alicheka. "Hapana! Kwetu kiazi ni mboga, tunakula na wali. Hapa watu walisema, Mchina, pika chipsi. Nikapika."

Alionja zangu. Akavuta kiti, akaketi, akamaliza sahani bila kuinua kichwa. "Hii sijui kupika," alisema. "Hii ni laini kama ya nyumbani kwa mtu."

Tuliporudi mezani, mama mkwe akafungwa macho kwa leso, kama alivyodai mwenyewe, ili haki itendeke. Akalishwa za Mama Lin, akalishwa zangu. "Rudia, sijashika vizuri," akasema. Tukarudia. Akasema turudie tena. Sahani zote mbili zikaisha.

"Haya, mwaitu, uamuzi," nikamhimiza.

"Tofauti iko," alisema, leso bado usoni. "Kubwa sana."

"Na tamu ni gani?"

"Mmenipa chache."

Tukamgeukia Baba Mwende. Aliniangalia, akamwangalia Mama Lin, akaona kisu cha viazi bado kiko mkononi mwangu. "Zote ni viazi," alisema, akatoka kwenda kuangalia tairi.

Tuliagana kama ndugu. Mimi nilirudi na chupa ya mafuta ya Mama Lin, yeye akabaki na kopo langu. Njiani sikuonja chochote. Nilikuwa napanga jinsi Matinyani itakavyoshangaa.

Na Matinyani ilishangaa. Kesho yake nilikaanga mara mbili, kwa saumu na tangawizi. Fundi wa viatu alitafuna, akasimama. "Mama Mwende, umeweka dawa ya kikohozi?" Mwalimu alirudi, akaonja, akauliza kwa heshima kama za zamani zimebaki. Nilivumilia mpaka Ijumaa, chipsi zikinilalia bila wanunuzi. Jumamosi simu ikalia.

"Mama Mwende," Mama Lin alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Nimepika kama wewe. Watu wamekataa. Wanasema, kama ni hizi tungekula kwetu. Wanataka za Mchina."

Tulicheka mpaka nikakaa chini kando ya jiko.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama chipsi za Mchina zina ladha tofauti na za kibanda, namwambia ndiyo, nimezifuata mpaka Makueni nikaona kwa macho na kwa ulimi. Lakini mteja hafuati kiazi, anafuata mkono aliouzoea. Nilirudia mafuta yangu ya kuganda, Mama Lin naye yake, na wateja wakarudi. Baba Mwende bado hupeleka ndengu Kibwezi. Huko anakula kwa Mama Lin, akirudi anakula kwangu, na sasa amejifunza kumaliza sahani na kunyamaza kote kuwili.