Madoa ya Mpunga wa Mama

Waridi hakuwa mtu wa kuvumilia doa. Hata kitambaa cha kufunikia sufuria alikipiga pasi, na mgeni aliyeingia sebuleni kwake na vumbi alijua mwenyewe kwamba chai ya siku hiyo hana. Mumewe Atumani, fundi cherehani wa sokoni Kasongo, alipenda kusema kwamba angeongeza mke kama angepata pa kumweka pasipofagiliwa. Alisema hivyo akiwa mbali na nyumbani.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyerithi mpunga wenye madoa. Mama yake alipofariki, Waridi alikuta juu ya meko masuke machache yamefungwa peke yake kwa kamba ya mgomba. Marehemu hakuacha maelezo. Waridi alilia, kisha akayapanda katika shamba lake la bondeni, kando ya barabara ya Kabambare. Mpunga uliota vizuri hadi majani yalipokomaa. Hapo ndipo vikaanza kutoka vidoa vya rangi ya kutu, vidogo vidogo, kama nguo iliyorukiwa na mafuta ya mawese.

Msimu uliopita ugonjwa wa kuunguza majani ulikuwa umelamba mashamba kadhaa pale bondeni, na shirika la wakulima likakata shauri: shamba litakaloonekana na madoa litang'olewa lote. Na mpunga ule ndio kitu pekee cha mama yake kilichokuwa bado hai. Basi alfajiri, kabla watu hawajashuka, Waridi alichukua mkasi wa mumewe akaanza kukata kila ncha ya jani yenye doa. Akimaliza upande huu, upande ule umeshatoa mengine. Huko nyumbani Atumani alizunguka kila chumba akiutafuta mkasi, na mkewe akamshauri ajifunze kuweka vitu mahali pake.

Mambo yangeishia hapo kama si macho ya Mama Emilienne, prezida wa shirika. Alipita kando ya shamba, akaona majani yamekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule, akapiga ukelele. Watu wakakusanyika. Mmoja alisema ni panzi wa aina mpya. Mwingine akaapa ni mdudu aliyeletwa na pikipiki, na kijana mmoja akatumwa Kasongo kumleta agronomu, mtaalamu wa kilimo Placide, aje amtambue huyo mdudu. Lakini kabla Placide hajafika, mtu akaona alama za kwato, na kesi ikahama kutoka kwa mdudu ikaenda kwa Sultani.

Sultani alikuwa mbuzi wa mzee Iliasi, jirani aliyefiwa na mkewe na asiye na mtu mwingine wa kuongea naye jioni. Na sheria ya bonde ilijulikana: mbuzi aliyekula mpunga analiwa.

"Sultani ni muzee, meno imekwisha!" Iliasi alilalamika, akimfungua mbuzi mdomo watu wote waone. "Mutu aniambie, inakata namna gani mustari?"

"Papa Iliasi, sheria ni sheria," Emilienne alisema. "Leteni kisu."

Waridi alisimama nyuma ya watu. Akinyamaza, mpunga utapona, na kipande cha nyama atagawiwa. Akisema, mpunga wa mama yake utang'olewa leo hii. Iliasi alimkumbatia mbuzi shingoni akalia waziwazi, mzee mzima. Waridi aliona aibu hadi kwenye vidole vya miguu.

"Muache mbuzi ya watu," alisema. "Ni mimi nilikata. Na mukasi ya Atumani. Mupunga yangu iko na madoa."

Wale waliokuwa wakitafuta kisu wakaanza kutafuta majembe. Kwa bahati, Placide alifika wakati huohuo, akawaomba wangoje kidogo. Alichuma majani ya Waridi yenye madoa, na mengine yaliyoungua katika shamba la Emilienne mwenyewe, ambaye alikuwa hajayaona, akayafunika ndani ya sahani zenye kitambaa kibichi. Baada ya siku chache majani ya Emilienne yaliota ukungu. Ya Waridi hayakuota kitu.

"Huu haugonjwi, mama. Umezaliwa hivi," Placide alimwambia. "Ni kama mutu anayepiga kelele ya mwizi mbele mwizi hajafika. Ugonjwa ukija, unakuta nyumba yote iko macho. Lakini kupiga kelele kila siku inachosha. Ndiyo maana masuke yake ni madogo."

Placide akashauri ing'olewe miche iliyoungua tu, na mpunga wa mama uozwe kwa mpunga wa Emilienne wenye masuke manene, upatikane uzao ulio macho na wenye kushibisha. Bonde zima lilicheka. Iliasi alijitolea kuwa mshenga, na Waridi akauliza mahari iko wapi. Placide akatoa kibano chake, akahamisha chavua kutoka ua hadi ua kwa uvumilivu wa kinyozi.

Watoto wa ndoa ile waliota safi, bila hata doa moja. Ungedhani Waridi angefurahi. Alikaa chini kwenye tuta akalia kwa uchungu, maana aliona mama yake amekufa mara ya pili.

"Ngojea wajukuu," Placide alimtuliza. "Doa halionekani mpaka mche ulipate pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Kati ya wajukuu wanne, mmoja atakuwa nalo."

Msimu uliofuata Waridi alishinda shambani akigeuza jani baada ya jani, mpaka siku moja vigelegele vyake vikasikika barabarani. Pikipiki iliyotoka Wamaza ikasimama. Dereva akauliza nani amezaa.

Waridi aliinua jani bovu kuliko yote bondeni, machozi yakimtiririka.

"Ni wajukuu wa mama yangu!" alimjibu. "Shuka uone! Wamefanana naye!"