Bakuli Lililorudi Safi

Sisi tuliokulia Hell-Ville, kisiwani Nosy Be, miaka ile mchele ulipokuwa wa foleni, tukikutana ukubwani hatuhitaji kuulizana mengi. Mmoja akitaja tu harufu ya mlangilangi unapopikwa mitamboni, wote tunaivuta puani upya. Harufu ile ilikuwa tamu mpaka ikachosha. Iliingia katika nguo, katika nywele, hata katika maji ya mtungi. Tulicheza mdako barazani kwa kokoto tulizookota pwani ya Ambondrona, tukaruka kamba ya makumbi, tukachapwa mgongoni na mama yeyote aliyetukuta tunapiga kelele saa saba mchana, wakati mji mzima umefunga madirisha na kulala. Watoto wa leo mtandao ukikatika nusu saa wanasema wamechoshwa na maisha. Sisi kokoto tano zilitosha mtaa mzima.

Lakini wengi mliocheza nami mnanikumbuka kwa jambo jingine. Nilikuwa yule msichana mwenye pepo. Najua, kwa sababu mwaka juzi, arusini, mmoja wenu alinishika mkono akaugeuza kwenye mwanga, kuangalia kama vile vinywele bado vipo. Sikukasirika. Ila nimeona nieleze kilichokuwa, na ninaandika kwa Kiswahili nilichokizoea Unguja nilikoolewa, maana nyumbani kwetu tulichanganya Kikomoro na Kimalagasi, na Kiswahili cha wazee kilibaki kwenye dua na mambo ya bahari tu.

Sikuzaliwa Nosy Be. Nilizaliwa Mahajanga, baba yangu fundi cherehani Mkomoro. Zilipotokea zile fujo za mwishoni mwa mwaka 1976, Wakomoro wakauawa na waliosalia wakaondolewa, jirani yetu Mmalagasi alituficha siku tatu katika ghala lake la magunia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitupa biskuti kavu, na nilipouma ya kwanza mama alinishika taya.

"Usitafune," alininong'oneza. "Iache iyeyuke yenyewe. Meno yako yanasikika nje."

Yaliyokuwa yakisikika kutoka nje sitayaandika. Baada ya hapo baba alipelekwa Ngazija pamoja na wenzake, akatuma barua mbili, kisha akaoa huko. Mama alinichukua tukaenda Hell-Ville kwa mama yake, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi.

Koko alikuwa mpishi wa arusi. Alikuwa na mikono minene, na godrogodro yake, ile keki ya nazi na iliki, watu waliifuata kutoka Nosy Komba kwa mashua. Nyumba yake ilipakana na nyumba tupu ya mfanyabiashara aliyeondoka nchini. Mtini ulikuwa umeota juu ya kuta zake na kuteremsha mizizi ndani kupitia paani. Dirisha moja lisilo na mbao lilitazamana na uga wetu wa jikoni.

Ramadhani ya kwanza tukiwa pale nilifunga mwezi mzima bila kukosa siku. Wanawake walinisifu. "Mtazame, hata futari haikimbilii," walisema. Idi ikaisha, watoto wengine wakarudi kwenye maandazi yao, mimi nikashindwa kurudi. Nilijihisi mwepesi na msafi, kama nyumba iliyofagiwa. Na hapo ndipo nikaanza kumsikia.

Ilikuwa sauti ya msichana wa umri wangu, tulivu, haina ukali. Alikuja mchana, mji ukishanyamaza. Nikitia tonge mdomoni na kutafuna, alisema neno moja: "Umesikika." Nikiacha, naye alinyamaza. Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtoto ana wake.

Kwa hiyo nilianza kukitoa chakula. Koko alinipakulia wali na samaki, nikasema nakwenda kula kivulini, na wakubwa wakishalala nikaliweka bakuli kwenye lile dirisha la nyumba tupu. Kesho yake nililikuta palepale, limeoshwa, limefudikizwa. Nikaliweka tena kwa siri, nalo likarudi safi tena. Iliendelea hivyo wiki baada ya wiki. Siku moja nilijipa moyo nikachungulia ndani. Kulikuwa na mizizi tu, inaning'inia, na vumbi sakafuni limetulia kama unga uliochungwa. Hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Nikaamini kwamba aliyekuwa akila ni yeye, yule msichana. Kila nilivyozidi kukonda niliwaza kwamba mle ndani yeye ananenepa, na ipo siku atakuwa mkubwa wa kutosha kutoka kwa mlango wa mbele, aje akae mkekani mahali pangu, na mama asijue tofauti. Wazo hilo halikunitisha, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka leo. Lilinipumzisha.

Mwili nao ukaanza mambo yake. Nilisikia baridi katika jua la Nosy Be, nikawa najifunika leso mbili shuleni. Vinywele laini vikaota mikononi na mgongoni, na watoto wakasema nimefuatwa na komba kutoka kisiwani kwao, Nosy Komba. Hakuna aliyetaka kukaa nami dawati moja. Mama akanipeleka kwa mganga wa Kisakalava, wenyeji wa pwani ile, mwanamke mpole, akaniangalia sana kisha akasema nimekaliwa na pepo wa baharini ambaye mwiko wake ni wali na nyama. Mama alilia. Mimi nilifurahi moyoni, kwa kuwa sasa nilikuwa na ruhusa. Wakaniletea kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji, nami nilipokunywa niliwaza tu kama zafarani inanenepesha.

Nilianguka shuleni, mbele ya ubao. Nilizinduka hospitali, na muuguzi mmoja wa kutoka nyanda za juu ananishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kijiti.

"Ana pepo," mama alimweleza.

"Huenda," muuguzi alisema. "Lakini ana njaa. Tuanze na njaa."

Mama alikasirika, akatoka nje. Koko alibaki. Alikaa pembeni ya kitanda muda mrefu akipanga pindo za leso yake.

"Bakuli nilikuwa nalitoa mimi," akasema.

Sikumwelewa. "Bakuli gani?"

"La dirishani. Siku ya kwanza nilikuona. Nikataka nimjue unayempa, nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Nikakaa mpaka alasiri. Hakuna aliyekuja."

"Chakula ulikipeleka wapi?"

"Nilikila. Mchele ule niliupangia foleni tangu alfajiri, mjukuu wangu, nisingeweza kuumwaga." Alizikunjua pindo za leso, akazipanga upya. "Kila siku nilisema, leo atachoka mwenyewe, nikimgombeza atazidi. Hapo nilikosea. Nisamehe."

Katika maisha yangu sikuwa nimemsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha. Lakini sikulia kwa ajili hiyo. Nililia kwa sababu mle ndani hapakuwa na mtu. Chakula chote kile, na hakuna aliyenenepa isipokuwa Koko, ambaye kweli alikuwa ameongezeka kidogo. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka muuguzi akatukemea.

Ndipo nikamweleza habari ya ile sauti, na neno lake. Koko akamwita mama. Mama alisikiliza amesimama, na nilipolitamka lile neno, uso wake ukawa ule wa ghalani. Aliketi kitandani, akanigusa taya, palepale aliponishika siku ile.

Kupona hakukuwa kama hadithi za mapepo, kwamba pepo anapiga ukelele na kuondoka. Tulirudi nyumbani, nikaanza na maji ya ukoko wa wali, vijiko vitatu, kisha vitano. Kila mara nilipotafuna, yule msichana alisema, "Umesikika." Basi mama akabuni dawa yake. Wakati wa chakula aliburuta kinu mpaka mlangoni akatwanga. Hakuwa na cha kutwanga, kinu kilikuwa kitupu. Alitwanga kwa nguvu zake zote mpaka niseme nimemaliza, jasho linamtoka, na kwa kishindo kile hata mimi sikuyasikia meno yangu. Majirani wakasema kwa wivu kwamba wakati mji mzima unalia njaa, kwa yule Mkomoro mchana na jioni wanatwanga tu. Ilichukua karibu mwaka kabla sijaweza kula bila kishindo cha kinu, na siku ya kwanza niliyoweza nilikula yai moja la kuchemsha. Vinywele vikapukutika. Watoto wakarudi kucheza nami, ingawa kwa mdako walikuwa wakinipa kokoto bila kunigusa vidole.

Yule msichana alirudi tena mara mbili ukubwani: nilipojifungua mtoto wa pili Unguja, na Koko alipokufa. Mara zote mbili nilimtambua mapema, nikaenda hospitali kabla hajazoea nyumba.

Siku hizi nimerudi kuishi Mahajanga nilikozaliwa, na jioni natembea ufukweni kula mishikaki kwa achari ya embe, nimesimama, katikati ya watu. Nina mpwa wangu anayesoma chuo hapa, mtoto wa binamu yangu, jina lake Nasra. Vijana hawa wananichekesha. Hawali kabla simu haijala kwanza: wanaipiga picha sahani mpaka wali unaganda. Tena kila kitu lazima wakiseme hadharani, wamelala vibaya, wameota vibaya, wafuasi wao wote mtandaoni waambiwe. Nilikuwa namtania hivyo Ijumaa moja mezani kwangu, na nilipotazama sahani yake nikaona wali umehamishwa upande hadi upande, umetandazwa ukingoni, na haukupungua. Mikono yake alikuwa ameivutia ndani ya mikono ya sweta, katika joto la Mahajanga.

Nikaacha utani. Nikamsimulia haya niliyowasimulia nyinyi. Sikuwa nimewahi kuyasema yote kwa mpigo. Alisikiliza akitazama kitambaa cha meza, na nilipomaliza aliuliza, "Shangazi, ilikuwa sauti ya msichana mwingine kabisa?"

"Ndiyo."

"Yangu si hivyo," alisema. "Yangu inaongea kwa sauti yangu mwenyewe."

Jumatatu nilimsindikiza kwa daktari, na bado tunakwenda. Haijawa rahisi, wala sitasema imekwisha. Lakini nawaza sana ile Ijumaa. Utoto wetu nautamani mpaka kesho, uga uliojaa watu, mama wa kila mtu kuwa mama yako, milango isiyofungwa. Na katika uga ule uliojaa watu nilinyamaza karibu mwaka mzima. Mtoto huyu wa simu alinyamaza wiki chache, kisha akalisema mezani kwangu, na chai ilikuwa haijapoa.