Nilivyokufa kwa Kichaa cha Mbwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na miaka tisa, na nilitiwa sabuni mdomoni. Watu wa sinema ya afya walifika shuleni kwetu, kijijini Daudi, wakitafuta mtoto wa kuigiza aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mwalimu akanitoa mimi kwa kuwa nilikuwa mpiga kelele kuliko wote. Bwana Mwongozaji, yaani yule anayewaelekeza waigizaji, alikoroga kipande cha sabuni kwenye kikombe, akaniambia nisukutue na kuliacha povu litoke. Nililia kweli. Akasema, "Vizuri sana. Sasa kufa."

Nilikufa mara saba. Kila picha ikipigwa upya wenyewe waliita teki, na teki ya saba ndiyo iliyomridhisha.

Kwa miaka mitatu, kila likizo, nilizunguka na gari la sinema Mbulu na Hanang. Mchana tulipiga picha nyingine, jioni tukatundika shuka na kuonyesha ile ya mbwa. Bwana Sinema, mwenye kuendesha mashine, alikuwa na amri moja: "Wewe umekufa. Kaa garini mpaka watu waondoke." Nilimchukia. Pale Gitting niliwasikia akina mama wakinililia nje, nami nimefungiwa garini pamoja na nyaya za mashine. Nilitaka wanione, wajue ni mimi.

Nilipobalehe na sauti kuwa nzito, waliniacha. Nikasomea mifugo, nikafanya kazi chini ya Bwana Mifugo wa kata, mtu mkali asiyecheka. Alinifundisha hivi: "Muuza dawa anauliza kwanza. Anaumwa nani, tangu lini, amepewa nini." Baadaye nikafungua duka langu la dawa za mifugo Endasak, na siku za chanjo nikawa nachanja mbwa wa kata; biashara ikashika.

Siku moja ya mnada aliingia mzee Gidamis, mfugaji wa kule tambarare. Nikamwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akanikazia macho.

"Wewe si ndio yule mtoto wa sinema? Yule aliyeumwa na mbwa. Hilo kovu la nyusi nalikumbuka."

Tangu utoto wangu hakuna aliyewahi kunitambua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilijipiga kifua nikacheka: "Ndiye mimi, mzee. Nilipona, si unaniona?"

Akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akanunua dawa ya kupulizia vidonda, ile tunayowapulizia ng'ombe. Sikumwuliza ni ya nani.

Wiki kadhaa baadaye alirudi. Hakunisalimu, na huku kwetu mtu mzima hakuingilii bila salamu, nikashtuka hapo hapo.

"Ulikunywa dawa gani?"

"Lini, mzee?"

"Ulipoumwa na mbwa. Yona wangu naye aliumwa, na sasa anaogopa maji. Tulikaa tukijua atapona kama wewe."

Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna sindano ya kumrudisha. Kidonda huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi, na mtu hupelekwa hospitali siku ileile kuchomwa sindano. Yona, mtoto wa miaka saba, alikuwa amepuliziwa dawa ya ng'ombe kutoka kwenye rafu yangu.

"Mzee," nikasema, "mimi sikuumwa na mbwa. Lile povu lilikuwa sabuni."

"Sabuni?"

Ilibidi nirudie mara tatu, na kila mara niliona uso wake ukizidi kuelewa. Tulimpeleka Yona hospitali kwa pikipiki, tumemweka katikati yetu. Daktari alimtazama, akatuita pembeni. Tulimzika wiki hiyohiyo.

Nilifunga duka, nikaenda kwa Gidamis kumwambia naiacha kazi. Nilitegemea fimbo. Akasema, "Ukiacha, mbwa atachanjwa na nani? Wewe nenda ukawaambie watu. Lakini usimtaje yule wa sinema, yule hakuwa mtu. Sema Yona, mtoto wa Gidamis."

Nimesema hivyo kila siku ya chanjo mpaka nilipostaafu. Vijana huniuliza kuhusu uigizaji, wakidhani nitawasimulia sifa. Nawaambia kazi ile ilikuwa nzuri na ilihitajika, ila mimi sikuielewa nilipokuwa nayo, na kulielewa jambo nikiwa nimeshachelewa kunanitisha hata leo.

Mwezi uliopita, pale kwenye kituo cha pikipiki, mama mmoja kijana alikuja mbio amembeba mtoto mwenye mguu uliolowa maji na povu la sabuni. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Hospitali, baba. Ameumwa na mbwa sasa hivi. Kuna mtoto alikufa hapa, Yona, hamkusikia habari zake?"

Nikamshikia mtoto mpaka alipopanda. Sikumwambia mimi ni nani.