Mzee Aliyeandikwa Kuwa Haongei

Kila Maureen alipofika mlangoni kwa mzee Chaman, kabla hajabisha, alitoa simu na kupiga picha karatasi ndogo ya msimbo wa madoadoa iliyobandikwa kando ya kengele. Hapo programu ya kazini ilianza kuhesabu dakika zake thelathini. Akitaka kutoka aliijibu kwanza maswali kumi na mawili: mteja amekula? Amemeza dawa? Ameoga? La mwisho ni hili: amezungumza?

Tunakaa nyumba moja hapa Kenton, London, vyumba vyetu vinatazamana, na habari hii niliipata jikoni, kwa vipande. Maureen ana miaka arobaini na tisa. Ametoka Kakamega, ambako alifundisha darasa la tatu. Sare yake ya kuhudumia wazee huipiga pasi kila asubuhi, hata kama ataifunika kwa koti siku nzima.

Mzee Chaman aliuza vitambaa Kisumu kwa miaka mingi kabla ya kuhamia London. Nyumbani alizungumza Kigujarati na mkewe, Kokila. Binti yao Shilpa, aliyezaliwa huku, alikielewa lakini akajibu kwa Kiingereza, na baba akamfuata katika Kiingereza hicho. Kisha Kokila akafariki, na maradhi ya kusahau yakaingia. Kiingereza kilitangulia kuondoka. Kigujarati sasa hukizungumza na picha ya marehemu tu. Shilpa akimsemesha, mzee humtazama kama mtu anayesubiri mgeni amalize aondoke.

Siku ya tatu ya kazi Maureen aliangusha kijiko, akasema "Ala!" bila kukusudia. Mzee akageuka.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Kakamega, mzee."

"Kakamega, kwa walaji kuku!" Akampima kwa macho toka kichwani hadi miguuni. "Na baridi hii, kuku mnawapata wapi?"

"Wamejaa madukani. Nikuletee paja?"

"Toka hapa! Tangu nizaliwe sijaonja nyama, leo unataka kuniharibia dini?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kutoka siku hiyo waliongea kila asubuhi, huku anamvisha soksi, huku uji unapoa. Mzee alimweleza habari za wateja waliokuja dukani kwake na watoto sita kupimiwa sare, na za fundi mmoja aliyeshona vizuri akiwa amelewa tu.

Likabaki lile swali la mwisho. Ukijibu Ndiyo, programu inataka uandike mteja alisema nini, au uiache isikilize na kuandika yenyewe. Maureen aliiacha isikilize mara moja. Mzee alikuwa akieleza namna ya kuitambua pamba halisi kwa kuchoma uzi. Simu, isiyojua Kiswahili, ikaandika, kwa Kiingereza, aya nzima kuhusu panya na harusi ya mtu aitwaye Betty. Jioni hiyo msimamizi wake, Ryan, akapiga.

"Maureen, ni nini hiki? Nimekifuta. Usijaze vitu visivyoeleweka. Kama hakuna la maana, bonyeza Hapana uendelee."

Akabonyeza Hapana. Kesho yake pia. Kutafsiri kungemlia dakika sita, na mteja wa pili alikuwa mbali, mabasi mawili. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na aliniambia akiwa amenipa mgongo, anasugua sufuria. Hakuona kama yale yalikuwa mazungumzo ya kuandikwa. Kazi ilikuwa ya Kiingereza. Kiswahili kilikuwa soga, na ofisini hakuna aliyewahi kukiulizia.

"Nilidhani ni yetu tu, mimi na mzee," alisema.

Mwezi Machi, baada ya wiki kumi na moja, aliitwa kwenye kikao sebuleni kwa mzee. Walikuwepo Ryan, Shilpa, na ofisa wa ustawi wa jamii. Ryan aliwaonyesha mchoro kwenye kompyuta yake: mstari mwekundu uliolala chini kabisa. Katika ziara zote za Maureen, kwa mchoro huo, mzee hakuzungumza hata mara moja. Ilipendekezwa ahamishiwe nyumba ya wazee iliyokuwa na nafasi, mwendo wa saa mbili kwa gari. Kama haongei na mtu, Ryan alisema kwa upole, kukaa hapa kunamsaidia nini?

Shilpa alikuwa ameshika kalamu. "Angenipa hata neno moja," alisema, "nisingetia sahihi."

Maureen aliutazama ule mstari. Ni kidole chake kilichouchora, siku baada ya siku. Alijua kwamba kuandika taarifa za uongo kunaweza kumfukuzisha, na kibali chake cha kuishi nchini kinamtegemea mwajiri wake.

"Anaongea," akasema. "Kila siku, kwa Kiswahili. Mimi ndiye niliyeandika kuwa haongei."

Ryan aliitazama kompyuta kana kwamba itamtetea. Shilpa akatikisa kichwa.

"Kiswahili kilikuwa cha dukani tu. Hajakitumia tangu nizaliwe."

"Mzee, wasalimu wageni," Maureen akasema. Mzee alikuwa amefumba mdomo. "Mzee, leo nimekula kuku." Mzee akaigeukia picha ya Kokila. Ofisa akaanza kukusanya karatasi zake.

Maureen akainuka, akaenda dirishani, akalifikicha pazia kwa vidole viwili, akatoa sauti ya dharau kama mteja aliyekuja kutafuta ugomvi.

"Nailoni hii. Aliyekuuzia alikuona mjinga."

"Nailoni?" Mzee alijisogeza mbele kwenye kiti. "Nailoni gani? Huna macho? Lete hapa! Hii pamba, nimechagua mimi, Kokila ameshona kwa mkono wake. Ilikuwa ya chumba cha mtoto hii! Nailoni, nailoni... Nenda kwa jirani huko ukauziwe nailoni!"

Katika maneno yote hayo, mbali na nailoni, Shilpa alilielewa moja, jina la mama yake. Akaiweka kalamu chini.

"Anasema nini kuhusu Mama?"

Maureen akamtafsiria, mpaka lile la jirani.

Mzee hakuhamishwa. Maureen hakufukuzwa, alipewa onyo la maandishi na kuhamishiwa Stratford, upande mwingine wa London, na kwa mzee akatumwa mhudumu mwingine, mpole, asiyejua Kiswahili. Mimi niliilaumu programu. Maureen alikataa: iliuliza swali, yeye ndiye aliyejibu uongo. Bado nalifikiria jibu lake. Nadhani mtu akiulizwa kila siku kwa namna ileile, polepole huanza kuamini kwamba kisichoulizwa hakipo, na huenda hilo likampata hata mtu mkweli kama yeye.

Jumapili moja, tukiwa tunamenya viazi, Shilpa akapiga simu. Siku hizi hushinda kwa baba yake kila mwisho wa wiki. Maureen aliiweka simu mezani, sauti juu.

"Tangu asubuhi amerudia kitu kimoja," Shilpa alisema. "Nimekiandika kama ninavyokisikia. Nisome?"

"Soma."

Alisoma polepole, akijikwaa: "Mwanangu, mbona umesimama? Keti."

Maureen alifuta mikono kwa aproni kabla ya kujibu.

"Anauliza mbona mtoto wake amesimama. Anataka uketi."

Upande wa pili tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni, na simu ikakatwa.