Mkalimani Akikosa Mkalimani

Juzi nilikuwa wodi ya watoto, hospitali moja hapa Kitui, na mwanangu. Kwa kuwa nilimaliza Form Four, daktari akanifanya mkalimani: yeye Kiingereza, mimi nawaambia akina mama kwa Kikamba. Nesi akacheka, "Mama mtoto, hii ni kazi kabisa! Omba uajiriwe." Nikauliza niombe wapi. Akapandisha mabega.

Kisha ikaja karatasi ya kukubali upasuaji wa mwanangu mwenyewe, imejaa maneno sijawahi kuona, nikauliza, "Daktari, hapa mtamfanya nini?"

"Si wewe ndiye mkalimani?" Akanipa kalamu.

Nikaogopa kuchelewesha upasuaji, nikatia sahihi. Mama wa kitanda cha pili, naye ameshika karatasi kama yangu, akasema, "Kama msomi ametia, ni sawa," akaomba kalamu.