Kulabu ya Springi ya Lori

Mwongeli alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Mutomo. Asubuhi moja Mbithi, mchimba visima, alimletea kulabu aliyoifua mwenyewe kutoka kwa springi ya lori, amchomelee pete ya kamba.

"Uliipoesha na nini?" Mwongeli aliuliza.

"Maji baridi, fundi. Nilitaka iwe ngumu."

"Ni ngumu, lakini haiwezi kupinda tena; ikilemewa itakatika. Ungeirudisha motoni kidogo."

Mbithi alicheka. Mwongeli akaigonga kwa nyundo, nayo ikakatika kama kigae.

"Nilitengeneza mbili," Mbithi alisema polepole. "Ndugu yangu Musembi anashuka kisimani sasa hivi, akining'inia kwenye ile nyingine."

Walipanda pikipiki mbio. Walipofika, kamba ilikuwa imelegea, na watu waliinama ukingoni wakimwita Musembi bila kujibiwa.